Jina Lako Ukutani

Hapa kwetu Mubi, wilayani Walikale, mtu akipata kadi ya uchaguzi huifunga kwenye nailoni, akaiweka pamoja na karatasi za shamba, akaona amemaliza. Haki yake kuithamini. Kongo haijahesabu watu wake tangu 1984, na kwa miaka mingi kadi hiyo ndiyo imekuwa kitambulisho cha raia: unaitoa kwenye bariera ya askari, unaitoa ukienda kusajili namba ya simu. Lakini siku ya kura karani haitazami kadi tu. Hufungua orodha ya ofisi ile, akatafuta jina. Kadi unalala nayo wewe. Orodha wanayo wengine. Ndiyo maana sheria ya uchaguzi inataka orodha ibandikwe hadharani kabla ya kura, ili kila mtu ajitafute mapema.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na shule ndizo hugeuzwa vituo vya kura. Karatasi zikibandikwa, wasiojua kusoma huniita.

"Mwalimu, niangalizie kama nipo," aliniambia mama mmoja, jirani yetu.

"Jina gani, mama?"

"Si unanijua? Mama Furaha."

Orodha haimjui Mama Furaha. Inafuata jina, kisha jina la pili, kisha lile la ubatizo, na tangu azae mtoto wa kwanza hakuna aliyemwita kwa majina hayo. Ilibidi ayataje polepole, kama mtu anayemtaja marehemu. Tulimkuta ukurasa wa pili. Nikaendelea kusoma mistari ya chini yake, naye akanishika mkono: "Huyo ni shemeji yangu. Tulimzika. Anatafuta nini hapo?"

Kwa dakika chache mama huyu alikuwa amefanya ukaguzi ambao hakuna mashine ya Kinshasa inayoweza kuufanya. Kompyuta hulinganisha alama za vidole, ikagundua aliyejiandikisha mara mbili. Haijui nani amezikwa nyuma ya kanisa, wala nani ni mtoto wa miaka 14 aliyepewa tarehe ya kuzaliwa ya kaka yake. Majirani wanajua.

Tena alama hizo za vidole zenyewe si kinga kamili. Kabla ya uchaguzi wa 2018, Tume ya uchaguzi, CENI, ilifuta majina zaidi ya milioni 6, mengi yakiwa ya waliojirudia na ya watoto, ikabaki na wapiga kura 40,287,387. Wataalamu wa Jumuiya ya Nchi Zinazotumia Kifaransa walipoikagua orodha hiyo, waliona asilimia 16.6 ya walioandikwa hawana alama za vidole. Kwa 2023 orodha ilifika karibu milioni 44, na wataalamu watano walioteuliwa kuikagua walifanya kazi hiyo kwa siku chache tu. Siku chache, nchi nzima! Hapo ndipo karatasi ya ukutani inapohitajika, maana kila kijiji kina wakaguzi wake wasiolipwa.

Orodha isipoonekana mapema, kasoro hujitokeza siku ya kura yenyewe, wakati foleni imefika barabarani na watu wamekasirika. Mwaka 2011 wengi walifika na kadi halali wasijikute orodhani. Ili kuepusha vurugu, Tume iliruhusu wapige kura kwa orodha za nyongeza, na kura za namna hiyo zikapita milioni 3 nchini kote. Ilikuwa huruma kwa mwenye kadi, lakini mlango ukiachwa wazi hivyo, nani atathibitisha walioingia? Baada ya uchaguzi huohuo, CENI yenyewe iliomba mahakama ifute matokeo ya wabunge katika majimbo saba kwa sababu ya vurugu na kasoro. Masisi, wilaya jirani yetu, ilikuwa mojawapo.

Jirani zetu wamepitia hayo. Tume ya Jaji Kriegler, iliyochunguza uchaguzi wa Kenya wa 2007, ilikadiria kwamba majina milioni 1.2 ya marehemu yalikuwa bado daftarini. Tanzania huweka daftari wazi vituoni, na mwananchi anaruhusiwa kumwekea pingamizi asiyestahili.

Kwetu jambo hili lina uzito wa namna nyingine, na sitaki kulipitia juujuu. Mwaka 1991 serikali ilianza kazi ya kuwatambua raia katika Kivu. Huko Masisi kazi hiyo ilizusha ghasia. Machi 1993 watu waliuawa sokoni Ntoto, hapa Walikale, na vita ikaenea hadi Masisi. Swali lililowagawa watu lilikuwa lilelile: nani ni raia, nani ana kura. Mtu wa huku akisoma jina huweza kukisia kabila na kilima ulichotoka. Kadi yetu inaandika hata jina la baba, la mama na asili ya mtu. Vyote hivyo vikibandikwa ukutani, mwenye bunduki akipita anapata anachokitafuta. Kwa hiyo nasema orodha ya hadharani iwe na majina, namba ya kadi na ofisi ya kupigia kura, basi. Wazazi, asili na anwani vibaki kwa Tume.

Na Masisi leo, ukuta gani? Uandikishaji ulipofika Kivu Kaskazini mwaka 2023, vita ya waasi wa M23 ilizuia kazi hiyo Masisi na Rutshuru, na Desemba wilaya hizo hazikupiga kura. Walikale tulipiga. Jirani wa Masisi hakuwa na jina la kutafuta. Januari 2025 M23 waliingia Masisi-kati na Goma. Machi wakafika hata Walikale-kati, kisha wakaondoka mwanzoni mwa Aprili. Kiongozi wa kisiasa wa muungano unaojumuisha kundi hilo ni Corneille Nangaa, aliyeongoza CENI katika uchaguzi wa 2018.

Watu wa Nyabiondo, Kitchanga na Sake, huko Masisi, wametawanyika. Wengine wako Minova, wengine wamo nyumbani mwetu. Uandikishaji utakaporudi, orodha ya Nyabiondo ibandikwe Nyabiondo, na nakala yake ibandikwe kila wanakolala watu wa Nyabiondo: parokiani, sokoni, kwenye shule wanakosoma watoto wao. Na ikae ukutani wiki kadhaa, chini ya paa, maana mvua ya Walikale haiachi karatasi hadi jioni. Pembeni awepo karani mwenye daftari la malalamiko, ampe kila mlalamikaji karatasi yenye tarehe na muhuri, ili Mama Furaha akisema shemeji yake amekufa, neno lake liandikwe na lijibiwe kabla ya siku ya kura.

Kusoma majina, niachieni mimi na walimu wenzangu.