Mbegu Zilizobadilishwa Vinasaba: Funzo la Pamba ya Burkina Faso

Kuhusu mazao yaliyobadilishwa vinasaba yapo mawazo mawili yanayopingana. Wapo wanaosema kwamba mbegu hizo ndiyo dawa ya umaskini wa mkulima, na wapo wanaosema kwamba ni sumu tupu. Mawazo yote mawili yana kasoro moja: yanaitazama mbegu peke yake, wala hayatazami mahusiano ya watu katika uzalishaji mali. Sisi tunasema kwamba suala hili halieleweki bila ya kuchunguza mfano halisi. Tunachukua mfano wa Burkina Faso, ambako wakulima wadogo waliipanda kwa wingi pamba ya aina hiyo, kisha nchi nzima ikaiacha.

Mbegu hiyo ni ya namna gani?

Ndani ya udongo mna kijidudu kiitwacho Bacillus thuringiensis, ambacho hutengeneza protini inayoua viwavi. Wataalamu walichukua vinasaba vinavyohusika na protini hiyo wakavipandikiza katika mpamba. Matokeo yake ni kwamba funza wa vitumba akiutafuna mpamba huo hufa. Lakini wadudu wanaofyonza utomvu, kama vile vidukari, hawadhuriki. Kwa hiyo haja ya kupiga dawa hupungua, haiishi.

Faida zake

Majaribio yalianza Burkina Faso mwaka 2003, na mwaka 2008 wakulima wakaanza kuilima pamba hiyo kwa ajili ya soko. Kwanza, mkulima aliyekuwa akipiga dawa mara sita kwa msimu sasa alipiga mara mbili tu. Maana yake ni kwamba nguvu-kazi iliokolewa, na mkulima alipunguziwa sumu mwilini. Pili, mavuno kwa hekta yaliongezeka kwa wastani wa karibu asilimia 20. Kufikia mwaka 2014, kiasi cha asilimia 70 ya mashamba yote ya pamba yalikuwa na mbegu hizo. Si haki, basi, kusema kwamba wakulima hao walidanganywa. Walipima, wakaona faida.

Hasara na hatari zake

Kwanza, pamba ya Burkina Faso ilisifika katika soko la dunia kwa urefu wa nyuzi zake. Vinasaba vilipoingizwa katika mbegu za nchi hiyo, nyuzi zikawa fupi zaidi, na kiasi cha nyuzi kilichopatikana kiwandani katika kila kilo ya pamba mbegu kikapungua. Hapo ndipo mgongano ulipojitokeza. Mkulima hulipwa kwa uzito wa pamba mbegu; kampuni ya pamba hulipwa kwa nyuzi na ubora wake. Shambani kulikuwa na faida, sokoni kukawa na hasara. Na hasara ya kampuni haimwachi mkulima salama, kwa kuwa kampuni hiyo ndiyo inayomkopesha pembejeo na kununua zao lake.

Pili, mbegu hizo zilimgharimu mkulima kama faranga 27,000 za CFA kwa hekta, wakati zile za kawaida hazikufika faranga 1,000. Deni hilo lilikuwa palepale, mvua inyeshe isinyeshe.

Tatu, teknolojia yenyewe ilikuwa mali ya kampuni ya Monsanto ya Marekani. Mwaka 2016 nchi ilirudi kwenye mbegu za kawaida, na makampuni ya pamba pamoja na chama cha wakulima wakadai fidia ya zaidi ya faranga bilioni 48. Maafikiano yalipatikana mwaka 2017.

Nne, wadudu hujenga usugu. India ilianza kulima pamba hiyo mwaka 2002, na baadaye funza mwekundu wa vitumba akawa sugu hata kwa mbegu zenye protini mbili. Kinga inajulikana: kutenga sehemu ya shamba kwa pamba ya kawaida, ili usugu usienee haraka. Lakini mwenye ekari mbili atatenga ipi?

Ama kuhusu afya ya mlaji, ripoti ya Akademia za Taifa za Sayansi za Marekani ya mwaka 2016 haikukuta ushahidi kwamba vyakula hivyo vilivyokwisha kuruhusiwa ni vya hatari kuliko vya kawaida. Wenye kutaka kupinga wapinge kwa hoja nyingine.

Hitimisho

Suala hili linatuhusu. Kenya iliruhusu pamba ya aina hii mwaka 2019. Tanzania ilianza majaribio ya mahindi ya kustahimili ukame huko Makutupora, Dodoma, mwaka 2016, kisha ikayasimamisha. Kwa hiyo kila mbegu mpya inapoletwa hatuna budi kuuliza maswali matatu. Vinasaba hivyo vimepandikizwa katika mbegu gani, na sifa zake za asili zimebaki? Nani mwenye mbegu, na bei yake inapangwa na nani? Mambo yakiharibika, nani atabeba hasara?

Maswali hayo hayajibiwi na muuzaji. Yanajibiwa na watafiti wa umma, kama wale wa Ukiriguru, Mwanza, waliozalisha mbegu za pamba za Kanda ya Ziwa kwa miaka mingi, wakisaidiana na wakulima wenyewe. Upimaji ufike hadi kiwandani na sokoni, usiishie shambani. Nchi isiyoweza kupima mbegu yenyewe itakubali kwa kusifiwa na kukataa kwa kutishwa, na katika hali zote mbili uamuzi hautakuwa wake.