Ugonjwa wa lupus na hatari zake katika matumbo

Neno lupus mwalijua vema ninyi mliosoma kilatini: ni mbwa-mwitu. Waganga wa zamani waliita hivyo vidonda fulani vya ngozi, kwani uso wa mgonjwa ulikuwa kama umetafunwa na mnyama. Lakini mwaka 1872 munganga Kaposi wa Vienna alionyesha kwamba ugonjwa huu hushika hata viungo vya ndani.

Asili yake ni nini? Mwili una askari wa kuulinda na vijidudu. Kwa mwenye lupus askari hao hugeuka na kuupiga mwili wenyewe. Hauambukizi. Katika wagonjwa 10, karibu 9 ni wanawake, hasa wenye umri wa kuzaa. (Vitabu vya Ulaya vyasema juu ya uso mwekundu, katika ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani vema. Afadhali kuuliza juu ya homa isiyokwisha, maumivu ya viungo, nywele kukatika.)

Sasa matumbo. Yanalishwa na mishipa midogo ya damu. Askari wakiishambulia mishipa hiyo, ukuta wa utumbo wavimba, na mgonjwa aumwa, atapika, ahara. Damu isipopita tena, sehemu ya utumbo yafa, yatoboka, na uchafu wamwagika tumboni. Pengine utumbo walegea tu: tumbo lajaa, wala choo wala upepo havitoki, ingawa hakuna kitu kilichoziba. Wengine hupoteza protini katika matumbo, miguu yavimba, na watu wasema ni figo ao ni njaa.

Dawa ya kutuliza askari hao ni prednizoni, na hapa yafaa kuangalia sana. Kwanza, yaficha maumivu: utumbo uliotoboka pengine hauumi sana, basi tusitulie kwa sababu mgonjwa halii. Pili, aliyeitumia siku nyingi asiache ghafula, hata kwa kufunga ao kwa kusafiri. Mwili umezoea kutegemea dawa, na mtu aweza kutapika, kuzimia, hata kufa.

Tena kuna mnyoo mdogo, strongiloide, uingiao kwa ngozi ya miguu katika udongo mchafu. Hukaa ndani ya mtu miaka mingi bila kusikika. Prednizoni ikiwapunguza nguvu askari, mnyoo wazaa kupita kiasi, watoboa matumbo na kufika mapafuni, pamoja na vijidudu. Kwa hiyo ni vema mgonjwa wa kwetu atafutiwe mnyoo huo mapema. Dawa yake ni ivermektini. Lakini katika nchi za msitu, penye mnyoo wa loa upitao machoni, munganga hupima kwanza damu iliyotolewa mchana, kwani wakiwa wengi mno dawa hiyo yaweza kudhuru ubongo.

Basi katekista akiitwa kwa mwenye lupus anayeumwa tumbo, asikubali apigwe bomba la tumbo, wala apewe dawa ya kuharisha, wala aspirini. Tifoidi na amiba huwapata hawa pia, tena nyumbani hakuna awezaye kuzitenga na lupus. Apelekwe upesi mahali wanapopasua, pamoja na dawa zake zote, na karatasi iliyoandikwa: maumivu yalianza saa ngapi, choo cha mwisho kilikuwa lini, kilikuwa na damu ao hapana.