Dengue: chanjo iliyokinga watoto wengine na kuweka wengine hatarini

Mwezi wa ine 2016, serikali ya Ufilipino ilianza kudunga watoto wa masomo chanjo ya dengue, Dengvaxia, ya kampuni Sanofi ya Ufaransa. Watoto zaidi ya 800 000 walipata sindano. Tarehe 29 Novemba 2017, kampuni yenyewe ikatangaza: mutoto aliyekwisha kugonjwa dengue, chanjo inamukinga, lakini ule ambaye hajaigonjwa hata siku moja, inaweza kumufanya agonjwe vikali zaidi siku mbu itakapomuletea virusi. Siku chache kisha, kampeni ikasimamishwa. Wazazi wakauliza: dawa ya kukinga inaleta hatari namna gani?

Jibu iko ndani ya ugonjwa wenyewe. Virusi ya dengue iko aina ine. Mutu akipona aina moja, mwili unabaki unaijua kwa miaka na miaka. Lakini kwa zile tatu zingine, ulinzi unadumu miezi tu. Kisha hapo kingamwili, wale askari wa damu, zinabaki zikizijua nusu nusu. Zinashika virusi bila kuiua, na kwa kuishika hivyo zinaipitisha ndani ya chembe nyeupe za damu, na humo njo inazaliana. Ni sawa vile mulinzi anayemushika mwizi mukono, halafu anamuingiza mwenyewe ndani ya nyumba.

Njo maana mara ya pili inaogopesha kuliko ya kwanza. Inchi ya Kuba ilipata aina ya kwanza mwaka wa 1977. Mwaka wa 1981 aina ya pili ikafika: watu 158 wakakufa, na 101 kati yao walikuwa watoto.

Kwa mwili usioijua dengue, Dengvaxia ilichukua nafasi ya ugonjwa wa kwanza. Mbu ilipoleta virusi ya kweli, ikakuwa kama mara ya pili. Tena kuna jambo lingine. Wataalamu walichukua virusi dhaifu ya chanjo ya homa ya manjano, ile ile tunayodungwa huku kwetu, wakaivalisha koti ya dengue. Koti ilikuwa ya dengue, lakini ndani ilikuwa homa ya manjano. Kwa hiyo chembe zinazowinda virusi hazikujifunza dengue yote.

Mwaka wa 2018, OMS ikashauri damu ipimwe kwanza, na chanjo hiyo ipewe tu ule aliyekwisha kugonjwa. Chanjo ingine, Qdenga ya kampuni Takeda ya Japani, imejengwa juu ya dengue yenyewe, aina ya pili. OMS iliikubali mwezi wa tano 2024, kwa watoto wa miaka 6 mpaka 16, pale ugonjwa umeenea sana.

Ufilipino ililipa bei ingine pia. Wazazi wengi waliogopa chanjo zote, hata zile zisizo na tatizo lolote, na mwaka wa 2019 surua ikaua watoto kwa mamia.

Mbu ya dengue, Aedes aegypti, iko hata huku kwetu. Inauma muchana, inazaa ndani ya ndoo na mipira ya gari iliyotupwa. Kumwanga maji hayo hakungoji chanjo. Na siku chanjo itafika, muzazi atakayeuliza "mutoto wangu alishaigonjwa?" asionekane mukaidi. Ulizo hilo njo lilipaswa kuulizwa mbele ya sindano ya kwanza.