Kabla ya Kufunga Giaboksi Nyingine, Tafuta Kilichoiua ya Kwanza

Kiwango cha KS 1515 hakiruhusu kuingizwa Kenya gari lililotumika ambalo limepita miaka 8 tangu liandikishwe mara ya kwanza. Hata hivyo, magari mengi yanayoshushwa bandarini Kilindini, Mombasa, huwa yamekwisha kufanya kazi miaka kadhaa Japani, ndipo yaanze maisha ya pili hapa kwetu. Toyota Corolla ya mwaka 2003 ambayo bado inakwenda Mtongwe au Bamburi imepita miaka 20, na giaboksi yake ya otomatiki, kama haijawahi kubadilishwa, ina umri huohuo.

Dalili huanza taratibu. Unapanda mwinuko wa kutoka feri ya Likoni, injini inanguruma lakini gari halivuti. Au unaweka D, gari linakawia kushika. Mwenyewe huambiwa giaboksi imekufa, atafute nyingine ya kutoka Japani. Kuibadilisha nyumbani kunawezekana kwa mtu mwenye vifaa, msaidizi na subira. Lakini ukifunga ya pili bila kujua kilichoiua ya kwanza, nayo itakwenda njia ileile, na fedha zako pamoja nayo.

Oili ndiyo roho ya giaboksi hii. Kati ya giaboksi na injini pana konveta, chombo cha mviringo kilichojaa oili. Injini huzungusha upande mmoja, upande huo huisukuma oili, na oili huyapiga mapezi ya upande wa pili hadi yazunguke. Asili ya ufundi huu ni baharini: Mjerumani Hermann Föttinger aliusajili mwaka 1905 kwa ajili ya mitambo ya meli. Ndani zaidi, oili hiyohiyo hubana klachi, hulainisha gia na hubeba joto. Katika Toyota nyingi joto hilo hupelekwa kwenye rejeta, ambamo mna kipoozeo kidogo: oili hupita ndani yake, maji ya injini yakiizunguka kwa nje.

Hapo ndipo sisi wa pwani tunapoumia. Nyumba nyingi za Kisauni na Likoni hutegemea visima, na visima vingi vilivyo karibu na bahari vina maji ya chumvi. Maji hayo yakitiwa kwenye rejeta badala ya kulanti, huila metali polepole. Siku ukuta wa kipoozeo utakapotoboka, maji huingia kwenye oili, gundi inayoshika bitana za klachi hulainika, na bitana huanza kubanduka. Ukifunga giaboksi nyingine kwenye rejeta hiyohiyo, umeanza kuiua tangu siku ya kwanza.

Adui wa pili ni joto. Kwenye foleni ya feri, au nyuma ya malori ya Changamwe, gari likikaa D huku mguu uko kwenye breki, injini huendelea kuichapa oili ndani ya konveta, na kazi yote hiyo huishia kuwa joto. Foleni ikisimama kwa muda, weka N na uvute hendibreki.

Basi kazi ianze kwa uchunguzi. Chomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi. Oili nzima huwa nyekundu na angavu. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, klachi zimeungua. Ikiwa kama maziwa yenye rangi ya waridi, maji yameingia. Ikiwa imepungua tu, tafuta inakovujia, ujaze, kisha ujaribu gari tena. Taa ya O/D OFF ikipepesa kwenye Toyota, kompyuta inatangaza hitilafu ya umeme katika mfumo wa giaboksi, na gari lipimwe kwa mashine. Kodi P0750, kwa mfano, humwelekeza fundi kwenye solenoidi ya kubadilisha gia au waya zake, na katika giaboksi nyingi solenoidi hufikiwa kwa kufungua sampu. Hewa yetu ya chumvi nayo huzitia kutu soketi na waya wa ardhi wa betri. Visafishwe kabla giaboksi haijahukumiwa.

Ikithibitika imekufa, soma kibati kilicho chini ya boneti. Toyota huandika hapo aina ya giaboksi mbele ya maneno TRANS/AXLE, kwa mfano U340E. Nunua ileile, pamoja na konveta yake. Ya gari linalovutwa na magurudumu mawili haichukui nafasi ya ile ya magurudumu manne, wala giaboksi ya CVT, isiyo na gia za hatua, haibadilishani na ya gia nne, hata kama magari yanafanana sura. Tazama na unuse oili iliyosalia ndani, na upate dhamana kwa maandishi. Ingali chini, badilisha filta na sili zake zote za nje, maana baadaye hutazifikia kwa urahisi.

Mchanga wa Likoni na Kisauni haubebi stendi. Egesha gari kwenye sakafu ya zege au utandike mbao nene na pana, uliinue kwa jeki, kisha uliegemeze kwenye stendi nne madhubuti. Usitegemee jeki peke yake wala matofali. Giaboksi huweza kuzidi kilo 60, kwa hiyo ishushwe kwa jeki, na mtu asikae chini yake.

Kushusha kuna mpangilio. Ondoa betri na kikasha cha filta ya hewa. Chomoa soketi ukizitia alama, ufungue kebo ya gia, paipu za kipoozeo na stata. Mwaga oili, toa shafti za magurudumu, kisha fungua bolti zinazoishika konveta, moja moja kupitia tundu dogo, ukizungusha injini kwa spana. Injini nayo ishikiliwe, kwa sababu giaboksi ikitoka inapoteza egemeo lake.

Mahali panapoharibu kazi ya wengi ni kwenye kuirudisha konveta. Huchomekwa kwenye giaboksi kwanza, nayo lazima ishike vitu vitatu: shafti inayoingiza nguvu, shafti iliyotulia isiyozunguka, na pampu ya oili. Isukume ukiizungusha, usikie ikizama hatua kwa hatua. Kisha laza rula ya chuma juu ya uso wa giaboksi, upime kina hadi kwenye matundu ya bolti za konveta, na ulinganishe na kipimo kilichomo katika kitabu cha ufundi. Nyuso za injini na giaboksi zikutane kwa kusukumwa kwa mkono. Ukibaki mwanya, usiuzibe kwa kukaza bolti: konveta haijaingia, na utaivunja pampu kabla gari halijawashwa. Nyuso zikishakutana, konveta bado izunguke kwa mkono na iweze kusogea kidogo kuelekea injini.

Safisha kipoozeo na paipu zake kabla ya kuziunganisha, kwa sababu humo hubaki unga wa klachi zilizokufa. Kama maji yaliingia kwenye oili, nunua rejeta mpya na utie kulanti. Oili iwe ile iliyotajwa kwenye kijiti au kitabu cha gari: aina ya T-IV si sawa na WS, na CVT ina oili yake. Jaza kidogo kidogo, washa injini, kanyaga breki, pitisha gia zote kisha urudi P. Pima gari likiwa sehemu tambarare, injini ikiwaka bila kukanyaga mafuta na oili ikiwa imepata joto la nyuzi 70 hadi 80. Isipungue wala isizidi, kwa kuwa ikizidi hutoa povu, na povu haliwezi kubana klachi.

Oili chafu ikusanywe mtungini na ipelekwe gereji au kituo cha mafuta kinachoipokea. Mchanga na mawe yetu ya matumbawe huipitisha upesi hadi kwenye maji ya visima tunayotumia sisi na majirani zetu. Kisha andika tarehe, kilomita na aina ya oili uliyotia. Nashauri oili ibadilishwe kila kilomita 40,000, na kulanti isibadilishwe kamwe kwa maji ya kisima. Gharama ya vitu hivyo viwili ni ndogo mno mbele ya bei ya giaboksi, na familia inayolitegemea gari hilo haistahili kulipia kosa moja mara mbili.