Amplifaya ya Valvu Inapolia Yenyewe (Sehemu ya Tatu)

Amplifaya ya valvu ikianza kulia bila mtu kuisemesha, wengi hukimbilia kubadilisha valvu. Nawasihi msifanye hivyo. Valvu siku hizi ni adimu, na mara nyingi hazina kosa. Sauti iliyokwisha kukuzwa imepata njia ya kurudi ilikotoka, inakuzwa tena, inarudi tena. Itafuteni njia hiyo kwanza.

Njia ya hewani inajulikana msikitini na kanisani: maiki ikitazamana na spika, mluzi hutoboa masikio. Spika ikiwekwa mbele ya msemaji, kuelekea watu, mambo hutulia.

Inayosumbua ni njia ya ndani. Maiki imechomolewa, lakini spika inapiga tu-tu-tu kama injini ya boti. Kwa sisi wa Upareni mfano uko karibu: ndiva, bwawa la kumwagilia. Usiku kucha ndiva hukusanya maji ya kijito, asubuhi hufunguliwa, mfereji ukapata nguvu ya kufika mashambani. Ikijaa tope, mmoja akimwagilia, mwenzake wa chini anakauka. Kapasita kubwa za kuchuja umeme ndizo ndiva za amplifaya. Valvu ya mwisho, ile inayosukuma spika, hunywa umeme kwa mikupuo. Kapasita nzima huziba pengo, valvu ya kwanza isihisi lolote. Kapasita ikikauka, kila mkupuo huyumbisha volti za valvu ya kwanza, nayo huupokea mtikisiko huo kama sauti na kuukuza. Kapasita hizi zina umajimaji ndani, na joto huzimaliza: kwa makadirio ya mafundi, kila nyuzi 10 zikiongezeka umri wake hupungua kwa nusu. Hapa Kisiwani, tambarare chini ya milima, jua halina huruma, si kama kule Chome milimani.

Kabla ya kugusa, zima, chomoa waya ukutani, kisha toa umeme uliobaki kwa rezista na upime kwa mita. Humo mna volti 300 hadi 450, na kapasita huzihifadhi hata baada ya kuzima. Ndugu zangu, hili linaua. Ndipo uunge kapasita mpya ya volti zinazofaa, uwashe, usikilize.

Kuna mrejesho mwingine wa sauti, uliowekwa makusudi. Mwaka 1927 Harold Black, mhandisi wa Marekani, aligundua kwamba sauti ikirudishwa kinyume chake hupunguza mkwaruzo. Kwa kazi hiyo, waya mmoja hutoka upande wa spika kwenda valvu ya kwanza. Fundi akibadilisha transfoma ya spika na kugeuza ncha zake, kinyume kinakuwa sawia, na amplifaya hupiga yowe mara tu valvu zinapopata moto. Zima, chomoa na utoe umeme uliobaki kama nilivyosema, ondoa waya huo wa mrejesho, washa tena spika ikiwa imeungwa. Yowe likikoma, zima na utoe umeme tena, badilisha nafasi za zile nyaya mbili za transfoma zinazokwenda kwenye valvu za mwisho, kisha urudishe waya mahali pake.