Mzigo Ukabidhiwe Mtu, Si Baraza

Mimi ni fundi cherehani hapa Wenje, kwenye barabara ya Garsen kwenda Hola. Vitambaa vya sare za shule naagiza Mombasa na vinaletwa na basi. Nyumba zetu hazina namba. Anwani ya mtu ni jina lake, simu yake, na duka ambapo makondakta wamezoea kusimama.

Msimu wa mvua uliopita basi lilipita Ijumaa adhuhuri. Mwenye duka alikuwa msikitini, mlango umefungwa. Utingo akaliweka boksi langu barazani, basi likashika njia. Simu yangu haikulia. Mtoto wa jirani aliponiletea habari, mvua ilikuwa imeshapiga. Kitambaa chekundu cha marinda kilichuja rangi, ikapenya hadi kwenye jora la tetroni nyeupe la mashati. Nilifua, nikaanika, nikafua tena. Madoa ya waridi yamo hadi leo. Nilipopiga simu ofisini kwao, karani akanijibu: "Mama, huku kwetu inaonyesha mzigo ulishushwa Wenje." Hasara ikaniangukia mimi, huku wazazi wakingoja sare.

Kampuni za kusafirisha vifurushi nchini hupewa leseni na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, na mteja asiposikilizwa na kampuni anaweza kupeleka malalamiko huko. Iko pia Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012, inayomtaka anayeuza huduma aitoe kwa ubora unaofaa. Kwa hiyo usitupe stakabadhi, na boksi likifika limeharibika lipige picha kabla ya kulifungua, mbele ya shahidi.

Kinachoniuma ni kwamba dawa si ngumu. Tunatumia M-Pesa tangu 2007, na wakala hakupi pesa mpaka aone kitambulisho. Posta nayo, tangu 2016, inamruhusu mtu kutumia nambari ya simu kama anwani yake na kutumiwa ujumbe barua ikifika. Kondakta anashindwaje kupiga simu moja akiwa bado Garsen?

Sasa muuzaji wangu huandika juu ya boksi, kwa wino mzito, nambari yangu na ya binti yangu, na chini yake: asipopatikana mtu, mzigo upelekwe ofisini Hola. Nauli ya kuufuata nitalipa mwenyewe.