Tairi lipi la kuingia nalo uwanjani na kurudi nalo nyumbani?

Kila mwaka, madereva wa kawaida nchini Uingereza huingia na magari yao binafsi katika viwanja vya mbio kama Brands Hatch, Snetterton na Oulton Park. Hawashindani wala hawapewi vikombe, na jioni wengi wao hurudi nyumbani kwa magari yaleyale. Kwa mwenye gari dogo lenye injini kali, hakuna uamuzi unaobadilisha siku hiyo kama uchaguzi wa matairi. Aliyechagua vibaya anaweza kumaliza siku nzima uwanjani salama, kisha akalijua kosa lake njiani, mvua inapoanza kunyesha.

Utaratibu wa siku hizo ni mwepesi kueleweka. Mwenye uwanja au mwandalizi hukodisha nafasi, dereva hulipa, husikiliza maelekezo ya usalama, kisha huruhusiwa kuendesha kwa kasi aitakayo pasipo magari yanayotoka upande wa pili. Kupita gari jingine huwa kwa ridhaa ya anayepitwa, na kwa kawaida muda wa mizunguko haupimwi. Aghalabu bima ya kawaida ya gari haigharimii ajali itokeayo humo, hivyo hasara yote humwangukia mwenye gari.

Magurudumu mawili, kazi tatu

Mfano mzuri ni Ford Fiesta ST ya miaka ya 2013 hadi 2017, gari linaloonekana sana katika viwanja hivyo. Kwa umbo ni gari dogo la kwenda sokoni na kupeleka watoto shule. Lakini chini ya boneti kuna injini ya lita 1.6 yenye turbo na nguvu za farasi 182, katika gari lenye uzito unaozidi tani moja kwa kiasi kidogo tu. Matairi yake ya kiwandani ni ya kipimo cha 205/40 R17: upana wa milimita 205, urefu wa ubavu ambao ni asilimia 40 ya upana huo, yaani milimita 82, na rimu ya inchi 17.

Gari hili huvutwa na magurudumu ya mbele, na injini pia iko mbele. Kwa hiyo matairi mawili ya mbele hubeba sehemu kubwa ya uzito, hufuata usukani, hupokea nguvu ya injini, na wakati wa kufunga breki hubeba mzigo mkubwa zaidi, kwa kuwa uzito wa gari husogea mbele. Matairi ya nyuma hufuata tu. Katika kona kali, gurudumu la nyuma la upande wa ndani huweza hata kuinuka kutoka ardhini.

Ndiyo maana tairi la mbele la gari la namna hii huchoka mapema. Uwanja nao huongeza upendeleo wake. Njia fupi ya Brands Hatch, yenye urefu wa takriban kilomita 1.9, huzungukwa kwa kufuata mwendo wa mshale wa saa, na kona zake nyingi ni za kulia. Uzito hulalia kushoto, na tairi la mbele kushoto, hasa bega lake la nje, huweza kulika sana wakati la nyuma kulia bado linaonekana jipya.

Makundi matatu ya matairi

Matairi yanayotumika siku hizo yanaweza kugawanywa katika makundi matatu. La kwanza ni matairi ya barabarani ya daraja la juu, kama Michelin Pilot Sport 4S. Yana mifereji mirefu ya kutoa maji, hushika lami hata yakiwa baridi, na hudumu. Udhaifu wake ni joto: baada ya mizunguko kadhaa ya nguvu, raba hupata moto kupita kiasi, mshiko hupungua, na usukani huwa kama umepakwa mafuta. Dereva akipunguza mwendo kwa mzunguko mmoja au miwili, tairi hupoa na mshiko hurudi.

Kundi la pili ni la katikati, kama Yokohama Advan A052. Haya yana raba laini zaidi na meno makubwa yasiyoyumba, lakini bado yana mifereji ya kutosha kwa mvua ya kawaida.

Kundi la tatu ni yale yanayoweza kuitwa matairi ya nusu kipara, kama Toyo R888R na Nankang AR-1. Yanaruhusiwa barabarani, ila yametengenezwa uwanja ukiwa umetangulizwa. Mifereji yake ni michache na ya kina kidogo, na raba yake haishiki sawasawa mpaka ipate joto. Katika lami kavu yenye joto, gari dogo lililovikwa matairi haya huweza kuwasumbua wenye magari makubwa na ghali. Asubuhi ya baridi, kwenye mzunguko wa kwanza, gari hilohilo huweza kuteleza mahali ambapo tairi la kawaida lingeshika. Baadhi ya watengenezaji wa matairi yenye raba za namna hii huonya kwamba yasitumiwe katika baridi ya kuganda, kwa kuwa raba inaweza kupasuka.

Namba zilizoandikwa ubavuni

Ubavu wa tairi una habari nyingi kwa anayejua kuzisoma. Baada ya kipimo huja namba ya uwezo wa kubeba na herufi ya kasi. Kwa Fiesta ST, 84W maana yake ni kilo 500 kwa kila tairi na kasi ya juu ya kilomita 270 kwa saa. Tairi mbadala halipaswi kuwa chini ya viwango alivyoviweka mtengenezaji wa gari. Si kila aina ya tairi hutengenezwa kwa kila kipimo, na mara nyingi ni kipimo kinachomfungia dereva mlango kabla hajafikiria bei.

Namba nyingine ni ya uchakavu, iliyowekwa chini ya utaratibu wa Marekani. Tairi la kulinganishia hupewa 100. Lenye 200 linatarajiwa kudumu mara mbili yake katika jaribio la barabarani la maili 7,200. Pilot Sport 4S lina 300, Advan A052 lina 200, R888R lina 100, na AR-1 lina 80. Kwa jumla, namba ndogo huashiria raba laini. Hata hivyo, anayeipanga namba hiyo ni mtengenezaji mwenyewe, hivyo hufaa zaidi kulinganisha matairi ya kampuni moja kuliko ya kampuni mbili tofauti.

Habari ya tatu ni umri. Tarakimu nne za mwisho katika msimbo unaoanza na herufi DOT hutaja wiki na mwaka wa kutengenezwa. Tairi lenye 2319 lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Raba hukauka na kuwa ngumu kadiri miaka inavyopita, na raba laini ya uwanjani huharibiwa pia na kupashwa moto na kupoa mara nyingi. Tairi la nusu kipara lililotumika linaweza kuwa na mifereji mizuri machoni, kumbe mshiko wake umekwisha kitambo.

Maji yasiyoonekana kwenye lebo

Mnunuzi barani Ulaya huonyeshwa pia lebo yenye herufi A hadi E kuhusu mshiko katika lami yenye maji. Ni msaada, lakini inahitaji kusomwa kwa uangalifu. Jaribio hilo hupima umbali wa kufunga breki kutoka kilomita 80 hadi 20 kwa saa katika lami yenye utando mwembamba wa maji, kati ya nusu milimita na milimita moja na nusu. Halipimi maji yaliyotuama.

Tofauti hiyo ni kubwa. Katika utando mwembamba, raba laini hushika vizuri, na tairi linaweza kupata herufi nzuri. Katika dimbwi, kazi si ya raba tena bali ya mifereji. Tairi lisipoweza kuyatoa maji haraka, maji hujikusanya mbele yake, hulinyanyua, na gari huelea. Hapo usukani hauna kazi, breki hazina kazi, na dereva hubaki abiria ndani ya gari lake mwenyewe.

Sheria ya Uingereza inataka kina cha mifereji kisichopungua milimita 1.6 katika robo tatu za katikati ya upana wa tairi, kulizunguka lote. Tairi jipya la barabarani huanza na takriban milimita 8. La nusu kipara huanza na kina kidogo zaidi, na siku moja ya uwanjani inaweza kulimega sana. Dereva aliyefika asubuhi akiwa ndani ya sheria anaweza kuondoka jioni akiwa karibu na mpaka wake, huku mbele yake kuna saa mbili za barabara kuu na wingu zito.

Upepo wa asubuhi na upepo wa jioni

Makosa mengi hutokea kwenye upepo wa tairi. Hewa ikipata joto, shinikizo lake hupanda. Kimahesabu, tairi lenye bar 2.2 katika nyuzi 15 za Selsiasi hufikia takriban bar 2.8 hewa yake ikifika nyuzi 70. Tairi lililovimba hivyo hugusa lami zaidi kwa sehemu ya katikati, na mshiko hupungua. Kwa sababu hiyo madereva hupima upepo mara tu wanapotoka uwanjani, matairi yakiwa bado ya moto, na kupunguza kidogo kidogo.

Kupunguza kupita kiasi nako kuna hatari: tairi hulalia ubavu na kula mabega yake. Wazoefu huchora mstari wa chaki kuanzia ubavuni hadi kwenye sehemu inayogusa lami, kisha baada ya mizunguko michache hutazama chaki imefutika hadi wapi. Ikifutika hadi ubavuni, upepo ni mdogo mno.

Upepo uliopunguzwa uwanjani hautoshi barabarani. Matairi yakishapoa, shinikizo hushuka chini ya kiwango kilichoandikwa na mtengenezaji wa gari, na tairi lenye upepo mdogo katika mwendo mrefu wa barabara kuu hujikunja, hupata moto na huweza kupasuka. Pampu ndogo na kipimo cha upepo hugharimu kidogo kuliko tairi moja, na havipaswi kukosekana ndani ya gari.

Manne ya aina moja

Kwa kuwa matairi ya mbele ndiyo yanayofanya kazi zaidi, wapo wanaoshawishika kununua mawili mazuri ya mbele na kuacha ya zamani nyuma. Hilo ni hatari. Gari la kuvutwa na magurudumu ya mbele, likishika sana mbele na kidogo nyuma, hugeuka ghafla dereva anapoachia mafuta katikati ya kona, mkia hutangulia. Katika mvua hatari hiyo huongezeka. Ni salama zaidi kununua manne ya aina moja na kuyabadilishana mbele na nyuma kabla tofauti ya uchakavu haijawa kubwa.

Jinsi ya kuamua

Kwa anayeingia uwanjani mara moja au mbili kwa mwaka, na anayekwenda na kurudi kwa gari hilohilo, kundi la kwanza linamtosha. Tairi hilo humwonya kwa mlio kabla ya kuachia, humlazimisha kuendesha kwa ulaini, na humfikisha nyumbani katika mvua. Fedha inayobaki inaweza kwenda kwenye padi na mafuta mapya ya breki, kwani breki za gari dogo mara nyingi huchoka kabla ya matairi.

Anayeingia mara kwa mara, aliyekwisha kujifunza kulinda matairi yake, atafaidika na kundi la kati. La nusu kipara linamfaa mwenye seti ya pili ya rimu, anayebadilisha matairi afikapo uwanjani, au anayelibeba gari lake kwenye trela. Kwake mvua ya jioni si tatizo, kwa sababu tairi la uwanjani haliigusi barabara.

Wasomaji wengi hawatakanyaga uwanja wa mbio maishani. Hata hivyo, mambo matatu kati ya haya yanamhusu kila anayeendesha gari, awe Kent au Kigoma: kusoma tarakimu nne za umri kabla ya kulipia tairi la mtumba, kupima upepo matairi yakiwa ya baridi, na kuangalia kina cha mifereji kabla ya masika.